Wajina wa Bibi Kashindye

Pale kiwanda cha samaki Nyakato hakuna aliyemfikia Paskazia kwa kisu. Sangara mzima alimgeuza kuwa minofu, mwenzake akiwa bado anafunga aproni. Lakini jambo moja lilimnyima raha: msalaba wa mwanawe, aliyefariki mwaka 1993 akiwa na miaka mitatu, uliandikwa Kashindye tu, basi, kama mtoto wa kuokotwa. Baba mtu, Josephat, alikwenda kuchimba dhahabu mimba ikiwa changa, kimya mpaka leo. Alichoacha ni agizo kwamba mtoto aitwe jina la bibi aliyemlea yeye, huko kwao Sengerema.

Jumapili moja Paskazia alijaza ndoo mapanki, yale mafupa ya sangara tunayoachiwa sisi minofu ikishapanda ndege, akavuka kwa kivuko cha Kamanga. Aliuliza kijiji hadi kijiji. Alasiri akaoneshwa kikongwe aliyekuwa akipepeta mpunga.

"Shikamoo bibi. Mimi nilizaa na Josephat."

Kikongwe akatupa ungo. "Kumbe mwizi wangu ni wewe! Mume wangu umemficha wapi?"

Paskazia, mwenye mdomo kiwanda kizima, akabeba ndoo yake aondoke. Hofu ilimsahaulisha kwamba bibi hampokei mke wa mjukuu ila kwa utani wa uke wenza.

"Unakwenda wapi, mke mwenzangu? Lete hiyo mifupa! Yule mhuni katukimbia wote wawili!"

Majirani walikufa kwa kicheko, na Paskazia akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo akaeleza habari za mtoto, jina lake, na ule msalaba.

Bibi akasema, "Andika." Kashindye wa Josephat, wa Ngosha, wa Chenge, "huyo ndiye mume wangu wa ndoa," wa Kulwa, mpaka yule aliyehamia na ng'ombe sita. Karatasi haikuwepo, Paskazia akaandika mkononi, ukoo ukapanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alifurahi sana. Mapanki yalipoiva, akaanza kulia.

"Unamlilia nani?" bibi akamkaripia. "Kashindye si huyu hapa? Mzima, na ana njaa."

Akanyoosha miguu mkekani, akashika sahani kwa mikono miwili.

"Mama, nipakulie."

Paskazia akampakulia, akamchambulia miiba, mmoja mmoja, kama alivyozoea kwa Kashindye mdogo.