Uyoga Usio na Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo, miaka ile ya sabini, Bwana Afya aliniwekea uyoga mweupe mezani, akaniambia niutambue. Nikageuza kofia, nikatazama mikunjo ya chini, nikatafuta pete shingoni.

"Umesahau kitako, binti," akasema. "Uyoga mweupe unafanana mno. Ukikuta kikombe pale shina linapoingia udongoni, huo unaua."

Baadaye nikahamishiwa Kasulu. Bosi wa huko, Mkaguzi wa Soko, alikuwa mcheshi, ila mpenda usafi kupita kiasi. Akaamuru uyoga wote uje sokoni umekatwa shina na kuoshwa.

"Mzee, kitako tutakionaje?" nikamuuliza.

"Wewe nawe na woga wako! Hawa kina mama wameokota uyoga tangu utoto."

Ni kweli, walijua. Lakini walijua kwa kung'oa na kutazama kitako. Siku moja Mama Bukuru wa Heru Juu alikata kwa kisu, kama alivyoamriwa, akaacha vitako ardhini. Mzee mwenyewe akanunua karai zima, akala jioni. Alfajiri ndipo akaanza kutapika. Kuchelewa kule kulinitisha sana, maana sumu nyepesi hukushika upesi, ile mbaya hungoja usiku upite.

Wakati anakimbizwa hospitali, mimi nilimfuata Mama Bukuru, akanipeleka alikookota. Tukafukua. Kikombe kikatoka, cheupe pe.

"Yoo! Nimemuua mtu!" akalia.

"Si wewe, mama. Ni amri," nikamwambia.

Kesho yake nikaenda wodini nimekifunga kile kikombe kwenye pindo la kanga, nimwonyeshe daktari. Nikamkuta Mzee ameketi kitandani, anakunywa uji, anacheka.

"Nimepona! Unaona? Ulijitia hofu ya bure."

Daktari akatazama kile kikombe, akainamisha macho. Sote wawili tulijua kwamba sumu ile humpa mtu nafuu kidogo huku inamla ini. Ningemwambia nini, jamani? Nikasema, "Tumshukuru Mungu, Mzee."

Wiki haikuisha, tukamzika.

Sasa nimestaafu. Wajukuu huniletea uyoga wa sokoni, umeoshwa, unang'aa, wakidhani wamenifurahisha. Naukataa pale pale. Bibi msumbufu, wanasema. Semeni tu! Rudisheni huo. Nileteeni wenye udongo.