Kiswahili Moja Hewani

Kule Pepa kuna baridi ya kupasua midomo. Baba yangu alichunga ng'ombe za shamba moja kubwa pale mulimani, na mimi nilikuwa mubeba chumvi. Ng'ombe anapenda chumvi kuliko mulevi anavyopenda pombe. Kulikuwa dume moja jeupe, tulimuita Minista, kwa sababu hakufanya kazi yoyote na wote walimupisha njia. Siku moja Minista akateleza kwenye majani ya umande, akaanguka korongoni, akavunjika muguu. Baba akaniambia: «Kimbia kwa biro ya shamba, umuite veterineri atibu muguu.» Nikakimbia kweli. Lakini nilipofika mulangoni, karani alikuwa amekaa mbele ya sanduku la chuma, anasema na sanduku, na sanduku linamujibu. Veterineri nikamusahau, Minista nikamusahau, hata jina la baba nililisahau. Baba alikuja mwenyewe kunitafuta na fimbo mukononi. Dume lilikuwa limekwisha kuchinjwa. Nilipigwa vizuri, kisha tukala nyama.

Sanduku lile njo foni. Ninyi vijana wa simu hamukuijua. Foni ni redio ya kusema na kujibu: huku una batri kubwa kama ya kamio ya mizigo, huko nje una anteni, waya murefu uliofungwa kati ya miti miwili, na mukononi una kombine, kile kitu cha kushika mudomoni. Ukitaka kusema, unafinya. Ukitaka kusikia, unaachia. Wawili wakifinya pamoja, hakuna anayesikia, ni mluzi tu. Nilikuja kuona kwamba hata bila foni watu wengi wanaishi hivyo, wamefinya wote wawili.

Naandika haya kwa sababu vijana wa kartie yetu, mutaa huu wa Kalemie, wanafanya mashindano ya kusema, na wamepewa swali: je, dunia nzima iwe na luga moja? Wakakuja kwangu. «Papa Foni, wewe ulisema hewani miaka yote, tuambie.» Mimi masomo yaliniacha kwenye mwaka wa tatu wa primeri, ao mimi niliyaacha, sikumbuki nani alianza. Nitasema vile kazi ilikuwa. Jibu mutalitafuta wenyewe, na kama mutalipenda, hiyo ni shauri yenu.

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Kalemie, Shefu wa Foni aliniangalia kutoka viatu mpaka nywele. Kampuni ilikuwa ya kupitisha mizigo ziwani, na foni yake ilitumikia pia watu wa muji, kwa sababu posta ilikuwa imelala.

«Unajua luga ngapi?»

«Kiholoholo cha baba, Kitabwa cha mama, Kiluba cha majirani, na Kiswahili cha watu wote.»

«Na Kifaransa?»

«Bonjour.»

«Inatosha. Kifaransa wakubwa watasema wenyewe. Wewe utawatafutia frekansi tu.»

Frekansi ni njia ya hewa. Kila posti, yaani kituo cha foni, ilikuwa na yake, na saa yake. Asubuhi Kigoma, kisha Moba na Pepa, jua likipanda Nyunzu, mwisho Ankoro, ambako sauti ilifika kama ya muntu aliye ndani ya mutungi. Kazi yetu haikuwa kufinya tu. Mama wa Ankoro alisema Kiluba chake, mimi nikapokea, nikampa bwana wake hapa kwa luga yake. Kisha bwana alipaswa kurudisha: kusema tena kile alichosikia, na mimi nikirudishe Ankoro, mama akubali. Shefu wa Foni aliita hiyo kolasyone, na juu ya kolasyone hakuwa na muchezo. «Hewani hakuna sura,» alisema. «Hauoni kama mwenzako analia ao anacheka. Neno lisiporudi, halijafika.»

Sitawadanganya kwamba tulikuwa malaika. Siku moja mama mumoja wa Ankoro alinipigia kelele mpaka kombine ikatetemeka: bwana wake asiporudi, mbuzi wake italiwa na mwanaume mwingine, na si mbuzi tu. Bwana amekaa mbele yangu na koti safi. Nikamuambia: «Mama anakusalimia sana.» Akaniangalia. «Papa, salamu gani hizi za kufokewa?» Nikamujibu kwamba ni hewa mbaya. Akarudisha: «Muambie nami namusalimia sana.» Mama akauliza kama bwana yuko mugonjwa. Bwana alirudi kwake juma lile lile. Sijui kama hiyo ni kutafsiri ao ni kuozesha watu. Shefu alicheka mpaka akakohoa, kisha akanikata siku moja ya pumziko kama azabu.

Nilitumwa Pepa, nikarudishwa kwa sababu ya kifua. Nilitumwa Nyunzu, kwenye reli, muji wa mihogo na mafuta mekundu ya ngazi, watu wazuri sana. Pale alizaliwa mutoto wangu wa pili. Niliporudi Kalemie, Shefu wa Foni alikuwa amestaafu na kampuni ilikuwa na Direkta mupya.

Huyu Direkta musimuchukie. Alikuwa muntu mwema, alitusalimia kwa jina, hata mulinzi. Siku moja akatukusanya.

«Ba papa, foni yetu imekuwa soko. Muntu mumoja anasema, watatu wanatafsiri, batri inakufa. Kigoma wanasema Kiswahili. Nyunzu wanasema Kiswahili. Ankoro wanasema Kiswahili. Tunatafsiri nini? Kuanzia leo, Kiswahili moja hewani.»

Nikauliza: «Na ile ya kurudisha, Direkta?»

«Kurudisha ni ya watu wasiosikilizana, Papa. Sisi tunasikilizana.»

Kisha akatuambia jambo ambalo sikulitegemea. Baba yake na mama yake walitoka makabila mawili, kila mumoja akashikilia luga yake, na yeye tangu mudogo alikuwa katikati. «Mimi nilitafsiria baba matusi ya mama,» akasema, «na mama matusi ya baba, na wote wawili walinipiga mimi. Siku dunia itakuwa na luga moja, hakuna mutoto atafanya kazi hiyo tena.» Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Mimi nilimukubali. Kusema kweli nilifurahi. Koo langu lilikuwa limechoka. Posti zikaanza kusemeshana zenyewe, Kigoma na Nyunzu moja kwa moja, bila kupitia kwetu, na batri zikadumu.

Leo nimezeeka, anteni ilishushwa zamani, waya wake wamama wanaanikia nguo. Simu zimekuja, kila mutu ana hewa yake mufukoni. Mujukuu wangu ananionyesha simu inayotafsiri yenyewe, anasema, «Koko, sasa vita vitakwisha.» Wakati wa vita, watu wa Nyunzu walipokimbilia huku na magodoro kichwani, nilikwenda kwenye kambi kutafuta majirani wangu wa zamani. Niliuliza nani aliwachomea nyumba. «Majirani.» Walisema nini wakichoma? Waliniambia maneno yale. Yote yalikuwa Kiswahili, na kila neno lilieleweka vizuri. Hakuna aliyekosa mutafsiri siku ile. Basi musiniambie luga moja italeta amani.

Lakini musiniambie pia kwamba luga nyingi ni mali. Nilikuwa nikisema Kiholoholo na bibi yangu, mama ya watoto wangu, peke yake. Tangu azikwe, ninacho kinywani kama jino lisilo na mwenzake, halitafuni kitu. Watoto wangu wanaelewa «njoo ule» na «acha kelele», basi. Mumoja anataka luga zote zibaki, mwingine anataka ibaki moja; mimi nimeona zote zikishindwa, nyingi zikifa, na ile moja ikipasuka katikati wakati watu wanaishikilia. Mutaniuliza imepasuka wapi. Imepasuka mbele yangu, juu ya Papa Ilunga.

Papa Ilunga alikuwa seremala wa Nyunzu, muzaliwa wa Ankoro, muntu wa maneno machache. Nilimujua nikiwa posti kule, alinitengenezea kitanda ambacho ninalalia mpaka leo. Mama yake muzazi alikuwa mugonjwa wa tumbo, akapelekwa Kigoma kwa dada ya Ilunga, aliyeolewa kule na Muha mumoja, Rashidi. Ilunga alibaki Nyunzu kumalizia viti vya kanisa. Alimuahidi mama: wakinitumia neno, nitakuja. Alikuwa mutoto mwanaume pekee.

Neno likatumwa. Rashidi alikwenda mwenyewe kwa foni ya Kigoma, akasema moja kwa moja na Nyunzu kwa Kiswahili, kama Direkta alivyotaka: «Mwambieni Ilunga, mama anakufa. Anakuita.» Posti ya Nyunzu ikamufikishia neno kwa neno, bila kupunguza, bila kuongeza, bila kurudisha.

Nilikuwa Kalemie, sikujua kitu. Nilimuona Papa Ilunga siku alipoingia kwa biro yetu, kichwa kilichonyolewa kwa kilio kimeanza kuota nywele, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kitenge. Nikampa pole. Matanga walikwisha kuyafanya Nyunzu, akaniambia, watu walikuja wengi, sasa anavuka kwenda kuona kaburi. Akafungua kitenge kidogo anionyeshe. Ulikuwa musalaba wa mukula, mbao nyekundu, ameukwangua mpaka unang'aa. Jina la mama limechongwa, na siku aliyokufa. Ilikuwa kazi nzuri, nilipitisha kidole kwenye herufi.

Alitaka Kigoma wajue kwamba atafika na boti. Nikatafuta frekansi, Kigoma wakaenda kumuita Rashidi, naye akaja na bibi yake, dada ya Ilunga. Nikamupa Ilunga kombine.

«Shemeji, ni mimi Ilunga. Niko Kalemie. Munionyeshe tu kaburi la mama liko wapi, nimelibebea musalaba.»

Hewa ikakwaruza. Kisha Rashidi: «Nani amekwambia habari za kaburi? Tumemzika juzi. Nilikuwa nataka kukutumia neno leo.»

Ilunga akanigeukia akatabasamu, kama muntu anayesema, sikia huyu. Akafinya. «Shemeji, juzi gani? Matanga ilikwisha. Angalia, nywele zinaanza kurudi.»

«Mama amefariki juzi, Ilunga. Tangu siku ile nilipokuita alikuwa anakungoja. Kwa nini hukuja?»

«Nikuje kufanya nini? Ulituma neno mama anakufa!»

«Ndiyo! Nilisema anakufa! Mtu akiambiwa mama yake anakufa, anakaa?»

«Anakufa njo anakufa! Muntu anakimbilia mufu kwa nini, kumuambia bonjour?»

Wakafinya wote wawili, ikabaki mluzi. Na mimi, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti, nikasikia kosa liko wapi. Sisi wa pwani ya ziwa tunaishi na watu wa bara na watu wa Kigoma, tunapokea kila mutu kwa masikio yake, hata hatujui tena kwamba tunafanya hivyo. Muntu wa bara, wa Ankoro, wa Nyunzu, akisema «mama anakufa», mama amekwisha kufa. Kama angali anapumua, atasema «eko anakufa». Muntu wa Kigoma akisema «mama anakufa», mama yuko hai, kimbia. Kwa Kiluba hauwezi kukosa, kwa Kiholoholo pia hauwezi. Kwa ile luga moja tu njo unaweza.

Nikamushika Ilunga bega, nikamuambia pole pole. Alisikiliza mpaka mwisho.

«Kwa hiyo siku ile alikuwa muzima.»

«Alikuwa muzima, Papa.»

«Na lile neno, anakuita?»

Yeye kule Nyunzu alilielewa hivi: mama kabla ya kufa alimutaja. «Alikuwa anakuita saa ile ile,» nikasema. «Alitaka uje.»

Sasa dada yake alikuwa amechukua kombine upande wa Kigoma. Alianza kwa Kiswahili, kikamushinda, akaingia Kiluba, na hakuna aliyemukataza. Alisema mama alikataa mulango ufungwe hata kwa mvua, kwa sababu Ilunga tangu mutoto hajui kupiga hodi, atasimama inje kama muti. Alisema mama alikuwa anakunywa uji vizuri, juma la kwanza, la pili, akitaka Ilunga amukute na nguvu. Kisha akauliza: «Kaka, unanisikia? Rudisha.» Ilunga alikuwa na kombine mukononi na hakufinya.

Direkta alitoka kwa biro yake kwa sababu ya kelele. Nikamueleza. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akatoa miwani.

«Lakini wote wawili wamesema Kiswahili,» akasema, si kwa hasira, kama muntu anayeuliza njia.

«Njo vile, Direkta,» Ilunga akajibu. «Kiswahili moja.»

Akaweka kombine mahali pake, vizuri, waya umekunjwa. Nikamuambia boti ni kesho, atalala kwangu, bibi amepika. Akasema, «Aksanti, Papa.» Musalaba akauacha umeegemea ukuta. Nilifikiri anakwenda kujisaidia. Nilitoka mulangoni nikamuona akishuka barabara. Kwa bandari hakugeuka, kwa stesheni ya gari la moshi hakugeuka, alifuata njia ya muto Lukuga, mikono mitupu, bila kuharakisha, kama muntu anayekwenda kwake. Nikamuita kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluba, akaendelea kushuka. Bibi yake wa ndoa alikuja kutoka Nyunzu kumuuliza kwetu, na mwaka uliofuata akakuja tena. Papa Ilunga hakurudi.