Fundi Kwenye Bustani ya Miti

Kila nikipaka uzi mshumaa kabla ya kushona, harufu yake inanirudisha kwenye bustani ya miti ya Lilongwe. Mama alikuwa ameshona gauni la harusi la Wakongomani wenzetu wa mtaa wa Area 18, na pale bustanini njo walipigia picha, chini ya miti mirefu kuliko kanisa letu la kambini Dzaleka. Kila mti ulikuwa na kibao cha jina lake. Shangazi wa bibi harusi alimwita mama yangu tu "fundi wa kambi", akatuambia tubaki getini. Nilitamani kumuuma.

Mara zipu ya gauni ikaachia.

"Mama fundi iko wapi?" bibi harusi akalia.

Mama alikuja polepole kutoka getini juu ya majani makavu, sindano kwenye kola.

"Shikilia shela, dada," alimwambia shangazi.

Akashikilia mpaka mama akamaliza kushona palipoachia, akakata uzi wenye harufu ya mshumaa kwa meno.