Majina ya Batoto Bane wa Kambove

Siku yangu ya kwanza kwa kazi, chefu wa buro alinipa sanduku ya fishi tupu, vile vikaratasi vigumu vya kuandikia maneno. Tulikuwa tunatengeneza diksionere, ile kamusi ya Kiswahili cha kwetu, hapa Lubumbashi, upande wa Kasapa. Sheria ilikuwa moya: kila neno iandikwe na mufano wenye kutoka kinywani mwa muntu.

"Ukibuni, nitajua," aliniambia. Alikuwa mukali, lakini ile kazi aliipenda kweli.

Tulipofikia neno maangamizi, yeye njo alinifundisha asili yake. Kuangamia ni kupotea kabisa. Kuangamiza ni kufanya bengine bapotee. "Basi maangamizi iko na mwenye kuifanya," alisema. "Enda Kambove, kule kwa machimbo, utafute muntu mwenye kuijua."

Kule nilikuta mama mumoya mujane. Mashine za machimbo zilikuwa zimeondoa mugini yao yote, nyumba na makaburi.

"Ile neno tunaisikiaka kanisani," akasema. "Njo ile ilitupata. Batoto yangu bane balizikwa pale. Leo sina hata fasi ya kusimama nilie. Andika majina yao kwa kitabu yako, baba. Unaniahidi?"

"Ninakuahidi, mama." Nikaandika yote ine.

Chefu alisoma ile fishi, kisha akakata majina na kalamu nyekundu. "Mufano iwe mufupi. Diksionere si makaburi."

Nilipaswa kubishana. Sikubishana, niliogopa kufukuzwa. Kwetu fishi yenye kukatwa ilikuwa inatupwa, kwa hiyo nikaandika ingine safi, ile ya kwanza nikaitupa kwa mikono yangu.

Kitabu ilitoka. Mufano unasema: "Mashine ziliangamiza mugini yetu." Bantu balisifu. Miye niliendelea na kazi mpaka nikastaafu na pansioni, na Kambove sikurudia hata siku moya. Haya ilinizuia, na mpaka leo inaniumiza.

Ninyi benye kuingia kazi hii, mukiniuliza maana ya maangamizi, nitawaeleza vizuri sana. Lakini mwaka huu nilikaa niandike yale majina, angalau kwa karatasi yangu. Nilipata Ilunga. Nilipata Marie, kisha Kabwe. Jina ya mutoto wa mwisho, naye wa kike, nimeitafuta siku mingi, imenipotea. Na ile njo mama yake alinitajia mara mbili, eti nisikosee.