Paa la Gundi Hadi Mikumi

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kuzikwa nalo, lakini kwa kuwa Mikumi wanalijua na Rudewa wanalisimulia vibaya (wamemwongeza hadi trafiki, wakati trafiki hakuwepo kabisa), bora nilitoe kwa kinywa changu, mcheke mara moja tuyamalize. Ndiyo, mimi ndiye yule mkwe aliyemvua mama mkwe wake mtandio mbele ya watu, mchana kweupe, huku anatabasamu.

Nina gari la zamani, dogo, la milango miwili, la yale yenye paa la turubai ambalo ukitaka unalikunja linalala nyuma, unaendesha huku jua linakupiga utosini na watu wanakuona una hela. Nililikuta Kimamba kwenye shamba la mkonge lililokufa, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Injini ilifufuka, rangi nikapiga, ila paa lilikuwa limebaki mbavu za chuma na matambara yanayoning'inia, na mvua ikinyesha gari linajaa maji, ndiyo maana mtaani kwetu Kilosa wakalibatiza jina la Beseni.

Sasa mke wangu Zuhura alivumilia weee, mpaka siku tumetoka harusini mvua ikatukuta njiani, akafika nyumbani wanja uko kidevuni na gauni jipya limemganda mwilini. Hakupiga kelele (afadhali angepiga). Alifunga begi lake, akasimama mlangoni.

"Nimechoka kulowekwa kama maharage," akasema. "Siku Beseni likiwa na paa, uje kwa mama unichukue."

Mtasema mwanamke hawezi kuacha nyumba kwa sababu ya mvua. Ni kweli, mvua ilikuwa kisingizio tu, kwa sababu kulikuwa pia na mlango wa choo nilioanza kuutengeneza, kabati la vyombo nililoanza kulipiga msasa, na banda la kuku lenye kuta tatu ambalo kuku wenyewe walikuwa wanalionea huruma. Mama mkwe wangu kule Rudewa alikuwa ameshanipa jina, Bwana Nimeanza, nikalisikia kwa watu na likaniuma, maana lilikuwa jina langu kweli.

Nikasema hapana, safari hii nitamaliza, tena kwa mikono yangu. Kuna mafundi Morogoro wanaoshona viti vya magari na maturubai, ningewapelekea wakalifanya vizuri, lakini mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, nauza misumari, nauza rangi, nauza gundi, iweje nikamlipe mtu kubandika kitambaa? Nikaingia kwenye simu nikatafuta video, nikampata mzee mmoja wa Kizungu mwenye gari kama langu, anapigilia turubai lake kwa vimisumari vidogo vidogo, anashona, anapima, anafungua, anarudia upya. Nikamwonea huruma. Nikajisemea moyoni, huyu babu hajui kama dunia ina gundi.

Hapo ndipo nilipopotelea. Nilinunua turubai zito la lori, nikalikata, nikalivuta juu ya zile mbavu, na badala ya kupigilia nikapaka gundi ya kopo, ile ya njano ya kubandikia soli na kapeti, nikapaka mbele, nyuma, pembeni, sikubania. Halafu nikaona kwa ndani panaonekana kama jukwaa la mnadani, nikatafuta kitambaa cha pazia chekundu, nacho nikakibandika kwa chini kiwe dari (siku hiyo nilikuwa na raha, gundi ilikuwa nyingi). Asubuhi na baridi yake paa lilikuwa limekaza kama ngoma. Nililigonga kwa kidole, likaitika. Nikavaa kanzu, nikaenda Rudewa kumchukua mke wangu.

Hapa lazima niwaeleze kidogo. Kwa wakwe zangu, mama mkwe hatazamwi usoni. Unamwamkia kwa mbali umeinamisha kichwa, na neno lolote linapitia kwa mkeo hata kama mko hatua mbili tu. Basi nikachuchumaa uani, nikasema, "Shikamoo mama," naye akasema, "Marahaba baba," kisha akamgeukia Zuhura, mimi nikisikia kila kitu.

"Mwambie mwenzio nimeliona paa. Mwambie kesho tunakwenda Mikumi kwa mdogo wangu, kuna akika ya mjukuu. Atupeleke. Paa likifika Mikumi, mke arudi kwake. Lisipofika, aliache hilo paa na wewe akuache hapa."

"Mama anasema..." Zuhura akaanza.

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie mama litafika na litarudi."

Kesho yake tukaondoka. Mama mkwe hawezi kukaa mbele na mimi, Zuhura naye alikuwa bado amenuna, akakaa nyuma na mama yake, nikabaki mbele peke yangu kama dereva wa kukodiwa. Na kwa kuwa kioo cha ndani kilikuwa kinamwangalia mama mkwe moja kwa moja, nikakigeuza kikatazama mlangoni. Ile ilikuwa heshima, jamani. Nilijipongeza kabisa.

Mpaka tunapita Kilosa mjini mambo yalikuwa shwari. Tulipoingia barabara ya Mikumi jua likapanda, vumbi na joto, nikaanza kusikia juu pa-pa-pa-pa. Nikaona niwatoe wasiwasi, nikapaza sauti, "Hiyo sauti msiogope, ni turubai jipya linajinyoosha!" Nyuma kimya. Nikauchukulia ule ukimya kuwa ni watu wamekoshwa, nikawapa somo zima: jinsi nilivyopima, jinsi nilivyovuta, jinsi Wazungu walivyo nyuma kwenye mambo ya gundi. Kimya. Nikauliza, "Vipi, hewa ipo huko?"

Zuhura akajibu kwa sauti ya mtu aliyebana meno. "Mama anasema endesha."

Tukafika Ulaya (Ulaya yetu ya wilayani Kilosa, hakuna pasipoti). Watu waliokuwa kando ya barabara wakaanza kutunyooshea vidole, wengine wameshika midomo, mama mmoja kaacha kabisa kuuza ndizi ametuangalia tu. Moyo wangu ukajaa. Nikawapungia mkono. Nikapiga honi. Kijana wa bodaboda akatupita, akageuka, akanipigia kelele, "Braza, paa!" nami nikamwonyesha dole gumba, nikasema ndiyo, nimelifanya mwenyewe.

"Tusimame hapa tupate soda?" nikauliza.

"Mama anasema usisimame!" akasema Zuhura haraka. "Anasema twende hivyohivyo mpaka Mikumi."

Nikafurahi. Nilijua mama mkwe ameonja raha ya gari, hataki hata kushuka. Nikaongeza mwendo.

Kwa mdogo wake mama mkwe pale Mikumi si mbali na barabara kuu, malori ya Zambia yanapita, na siku hiyo uani palijaa watu, masufuria ya pilau jikoni, wazee wamekaa kwenye mkeka na Mjomba Shabani katikati yao. Huyu ni mjomba wa Zuhura, na kwao mjomba ndiye mwenye kauli. Walipotuona wanawake wakapiga vigelegele wakasogea. Hapo akili yangu ikanituma jambo. Gari la milango miwili, mtu wa nyuma anatoka kwa kuinama na kujipenyeza, nikaona haifai mama mkwe atoke kama anayetambaa mbele ya ukoo wake. Nitalikunja paa, yeye asimame tu, ashuke kwa heshima zake. Tena watu waone linavyokunjwa.

Nikafungua vile vibanio viwili vya kwenye kioo cha mbele, nikashuka, uso nikauelekeza kwa wageni (sikumtazama mama mkwe, heshima bado ipo), nikashika chuma.

"Ngoja!" Zuhura akapiga kelele. "Ngoja, usifungue!"

"Ngoja ya nini?" nikasema, na tabasamu langu, nikalisukuma lote nyuma kwa nguvu.

Vigelegele vikakatika. Nikageuka.

Kumbe toka Ulaya ile gundi ilikuwa imeshayeyuka kwa joto. Turubai lilikuwa limeachia nyuma, dari langu jekundu likashuka likakaa juu ya kichwa cha mama mkwe, gundi inanata, na mimi niliposukuma likaondoka na kila kilichokuwa juu ya kichwa hicho, mtandio na kilemba cha ndani, vyote viko kule nyuma vimening'inia kwenye pazia. Mama mkwe amekaa kichwa wazi, mvi zake zote nje, na mikono yake miwili iko juu hewani, viganja vimefunguka, haishuki. Imekufa ganzi.

Na mzee mmoja pale kwenye mkeka, ambaye macho hayamsaidii sana, alipoona mama wa watu ameinua mikono akadhani anatuombea dua tuliosafiri salama. Naye akainua yake, akasema kwa sauti, "Amina!" Watu wengine kwa mazoea wakaitikia, "Amina."

Sikumbuki nilivyotembea. Najua tu nilijikuta nimesimama nyuma ya jiko uso nimeuelekeza ukutani, kama mtoto wa darasa la pili aliyekamatwa na kosa, na nilikuwa nataka kulia. Si kwa ajili ya aibu tu. Nilikuwa nawaza kwamba hapo ndiyo basi, nimempoteza Zuhura kwa kopo la gundi.

Wakaniita. Mama mkwe alikuwa ameshafunikwa kanga ya mdogo wake, amekaa upande wa wanawake, mimi nikakaa chini mbele ya Mjomba Shabani, macho kwenye vidole vya miguu.

"Sharti lilikuwa paa lifike Mikumi," akasema Mjomba. "Mimi naona pazia. Zuhura, lilifika au halikufika?"

Kabla Zuhura hajajibu, sauti nyingine ikamwahi.

"Lilifika," akasema mama mkwe.

Na akaendelea, safari hii hakumtuma mtu, akaniambia mimi, maneno yakinijia moja kwa moja, ukiacha marahaba, kwa mara ya kwanza toka nioe kwake. "Lilifika kwa sababu nililishika. Toka Ulaya nimelishika kwa mikono hii. Zuhura alitaka kukuambia, nikamkataza, nikasema tukisimama pale halitafika, na lisipofika itabidi nisimame kwenye neno langu. Mimi sikutaka kusimama kwenye neno langu. Nataka mwanangu awe kwake. Amekaa kwangu analia jikoni anadhani sisikii."

Hakuna aliyecheka. Mjomba akasema basi, yamekwisha, mkwe alete doti ya kanga na mtandio mpya, watu wakale. Tukala. Kupitia mlangoni niliona upande wa wanawake Zuhura anamlisha mama yake tonge kwa tonge, kwa kuwa mikono ilikuwa haikunji.

Zuhura alirudi nami Kilosa siku hiyo hiyo, Beseni likiwa kichwa wazi kama mama yake, akacheka njia nzima mpaka akapaliwa na vumbi. Mama mkwe alipanda basi. Gari lipo Morogoro kwa fundi, anapigilia vimisumari vidogo vidogo. Mimi nimeapa: nikitaka tena kuonyesha kwamba naweza kumaliza kazi, nitatafuta kazi ambayo ikiharibika itaniangukia mimi peke yangu.