Wiki Tano Juu ya Ubao

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Kitengo hakunionyesha mashine wala kunipa daftari. Aliitazama sare yangu nyeupe, iliyopigwa pasi mpaka ikawa ngumu kama karatasi, akasema, "Vua viatu. Lala kifudifudi."

Nikalala juu ya kitanda cha wagonjwa, mimi niliyetoka chuoni na cheti kipya cha tiba ya viungo, nikiona haya kama bi harusi. Akaweka kidole gumba kando ya uti wangu wa mgongo, juu kidogo ya nyonga, akabonyeza.

"Nimeshika nini?"

Nikautaja msuli kwa jina lake la Kilatini.

"Mama wa kule milima ya Iveti hajui Kilatini," akasema. "Nimeshika kile kinachomwezesha kuinua maji yake. Ukimgusa, fikiria maji."

Ndivyo nilivyoanza kazi katika hospitali ya Machakos mjini, katika chumba kilichonuka nta iliyoyeyushwa. Nta hiyo tuliipaka moto kwenye mikono iliyokakamaa. Kwa migongo tulikuwa na taa ya joto, mifuko ya maji moto, na vidole vyetu. Wagonjwa walituita madaktari, tulichoka kuwakosoa.

Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii leo mnajua kwamba mgongo unaouma chini, kwenye kiuno, mara nyingi ni misuli iliyovutika. Nyuzi za msuli huvutwa kupita uwezo wake, baadhi hukatika, na msuli mzima hujikaza kama ngumi ili kujilinda. Lakini kwanza tulifundishwa kuogopa. Je, maumivu yanashuka hadi chini ya goti? Mguu una ganzi au umelegea? Kuna homa? Mkojo unatoka bila kujua? Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa alikwenda kwa daktari mara moja. Waliobaki, na walikuwa wengi, walikuwa wamevutika misuli tu. Ninasema "tu" kwa kinywa cha mtaalamu. Mwenye maumivu hana "tu".

Hao tuliwapa joto, tuliwakanda, kisha tukawapa ubao. Mgonjwa alirudi nyumbani, akawekewa ubao mgumu chini ya godoro jembamba, akalala. Wiki mbili, tatu, hata zaidi. Ubao ulikuwa dini yetu, na mimi nilikuwa muumini.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Tala, peke yangu, chumba kimoja. Huko ndiko nilikoletewa Kalunde, ndani ya mkokoteni, akisukumwa na wanawake wanne.

"Mwaitu, imekuwaje?" nikamuuliza kwa heshima tunayowapa akina mama.

"Nilishindana na jiwe," akasema. "Jiwe ikashinda."

"Si ulikuwa unaringa!" mmoja wa wanawake akamrukia. Huyo alikuwa Mama Mutua, mwenyekiti wao. "Tulikwambia ungoje mwenzako mshikane. Ukasema wewe ni trekta."

"Trekta pia huharibika."

Wakacheka wote, na Kalunde akacheka nao, kisha akalia, kwa sababu kicheko kilimchoma kiunoni.

Walikuwa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja. Leo wanachimba mitaro ya fanya juu katika shamba la huyu, kesho la yule, wakiutupa udongo upande wa juu ili mvua isiubebe mlima kuupeleka mtoni. Kalunde alikuwa mjane. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali, na hakuwa na mwingine wa kulilima. Kama mgongo wake usingepona, angelazimika kuhamia kwa kaka yake, kuishi kama mgeni hadi kufa. Hakunieleza hayo yote siku hiyo. Aliuliza jambo moja tu.

"Daktari, nitalima tena?"

Nilimpima. Miguu ilikuwa na nguvu, hapakuwa na ganzi, wala dalili yoyote ya hatari. Nilipaswa kushangilia. Badala yake nilimwandikia ubao kwa wiki mbili, nikawageukia wenzake nikasema maneno ninayoyasikia hadi leo: "Asiinue hata kikombe."

Sikujua mwethya ikipewa neno hulifanyaje. Haifanyi jambo nusu nusu. Waligawana siku: huyu kuteka maji, huyu kupika muthokoi, huyu kumwosha na kumgeuza. Wiki mbili zilipokwisha, wakaniletea habari kwamba akijaribu kukaa bado anaumia. Nikaongeza tatu.

Mwisho wa wiki ya tano niliteremka mwenyewe kwenda kumwona. Mama Mutua alikuwa ameketi mlangoni na mwiko mkononi kama askari.

"Hajainua kitu, daktari," akaniambia kwa fahari. "Hata kikombe, mimi ndiye namshikia."

Nikamwomba Kalunde asimame. Aliushika ukuta kwa mikono miwili. Magoti yalitetemeka, na mashavu ya miguu yake, yaliyokuwa yamejaa kama ya mchimba mitaro, yalikuwa yamenywea kama ya mtoto. Yale maumivu ya kwanza yalikuwa karibu yamekwisha. Kilichobaki ni udhaifu na hofu.

"Nilikuja kwako niko na mgongo mbaya," akasema. Hakunilaumu, alikuwa akinipa habari. "Sasa niko na mgongo mbaya na miguu mbaya."

Kesho yake nilikwenda mjini kwa Msimamizi wangu wa zamani. Alinisikiliza hadi mwisho akiifuta miwani yake.

"Ubao nani alikufundisha?"

"Wewe, Bwana."

Akaacha kuifuta miwani. "Basi tumekosa wawili. Nimeona siku nyingi kwamba wanaotukaidi, wanaokwenda kukama ng'ombe wao siku ya tatu, wanapona kuwashinda wanaotutii. Niliona haya kulisema." Akavaa miwani. "Rudi ukamwinue. Kidogo kidogo, lakini kila siku. Na umwambie ukweli. Akidhani kosa ni lake, hatasimama."

Njia nzima kurudi Tala nilitafuta maneno mengine, yale ambayo yangeniacha na heshima yangu. Sikuyapata. Nikasimama mbele ya Kalunde na wenzake nikasema, "Nimekosa. Ubao haukukufaa. Mgongo wako ulikuwa mzima vya kutosha kutembea tangu mwanzo."

"Daktari anakosa?" Mama Mutua akauliza.

"Anakosa."

Nikaendelea kueleza: kitambaa cha maji moto kiunoni asubuhi, magoti kuvutwa kifuani, nyonga kuinuliwa akiwa amelala chali, kisha atembee mpaka kwenye kazi ya mwethya.

"Tumfanyishe mgonjwa kazi?" Mama Mutua akainuka. "Aiya! Tutasemwa mpaka Kangundo!"

"Kwenye mwethya hakuna kazi isiyo ya jembe?"

Wakatazamana. "Kuna kuanzisha nyimbo," mmoja akasema.

"Basi mpeni hiyo."

Wiki ya kwanza Kalunde alisimama kando ya mtaro akiimba, wenzake wakiitikia kwa majembe. Mtu akiimba kwa nguvu hukaza tumbo, na tumbo ndilo mkanda wa mgongo. Wiki ya pili aliwapelekea maji, kikombe kimoja kimoja, akikunja magoti badala ya kiuno, akiushika mzigo karibu na mwili. Kisha mbegu ndani ya kiondo. Kisha jembe dogo. Kuna siku aliketi ndani ya mtaro akashika kiuno na kulia, na Mama Mutua akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nilimpima upya. Ulikuwa uchovu wa misuli iliyolala mno, si jeraha jipya. Kesho yake alifanya nusu. Keshokutwa akaongeza.

Zamu ya shamba lake ilifika mawingu yakiwa tayari yameshika vilima. Katika kikundi chao, mwenye shamba ndiye anayefungua mtaro. Alisimama peke yake juu ya mteremko, akatanua miguu, akakunja magoti, akalishusha jembe. Udongo ukapanda juu. Akapiga tena. Alichimba hatua nne, tano, sita, hadi Mama Mutua akapiga kelele, "Wee, pumua! Tuachie na sisi!" Wakaingia wote mtaroni.

Baadaye nilipelekwa Athi River, kuwahudumia wanawake wa viwanda vya nguo wanaoinamia cherehani mchana kutwa. Meneja mmoja aliniuliza niwape mapumziko ya siku ngapi. Nikamjibu sikutaka siku za kulala, nilitaka waruhusiwe kusimama na kutembea kidogo kila saa. Alishangaa, lakini alikubali. Namshukuru. Namshukuru Msimamizi, aliyekuwa na miaka mingi kazini na bado akaweza kusema tumekosa wawili. Mikono yangu sasa ina baridi yabisi, na kila asubuhi naiamsha kwa maji ya moto nikiwakumbuka watu walioniamini wakaniruhusu niwaguse.

Wiki niliyostaafu nilikwenda kwa Kalunde. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na alikuwa mtaroni akitoa mchanga ulioletwa na mvua. Nikamwambia kwamba wiki zile tano zingali zinaniuma.

Akaegemea jembe lake. "Siku ile uliporudi, daktari, nilikuwa nimeshaamua kumwita kaka yangu aje anichukue. Kama ungesema mgongo wangu ndio mbaya, ningekuamini. Ningelala tena."

Kisha akaniomba nisogee kidogo, maana nilikuwa nimesimama mahali alipotaka kuutupa udongo.