Udhu wa Mama na Kizuizi cha Matangazo

Matangazo ya mtandaoni nayachukia kama ninavyochukia mende kwenye kabati la vyombo. Nafanya kazi steshenari hapa Dunda, kuchapa na kuwajazia watu fomu, na kwa miaka mingi kompyuta yangu haikuonyesha hata tangazo moja. Nilikuwa nimekibandikia kivinjari changu kizuizi, kile cha kuongeza mwenyewe, nikawa najisifu nacho hadi majirani wakanichoka.

Aliyekuwa akinijibu ni fundi simu wa mlango wa pili. Yeye alishikilia kwamba kizuizi kizuri ni kile kinachokuja ndani ya kivinjari chenyewe.

"Dada, watu hawataki mambo ya kubandika bandika. Wape kitu kimekamilika, basi."

"Na aliyekitengeneza anakula wapi?" nilimwuliza. "Changu nimekichagua mimi. Chako umechaguliwa na mwenye kivinjari. Siku akitaka kuwafungulia wauzaji mlango, anawafungulia."

Tulibishana hivyo mwaka mzima, kila mtu na lake.

Ikafika hitma ya baba, ya kutimiza mwaka tangu afariki. Kwetu juzuu thelathini hugawiwa wiki moja kabla. Aliye Pangani anachukua yake, aliye Dar yake, ili Ijumaa baada ya alasiri tukikaa chini kuomba dua, Kurani yote iwe imeshasomwa. Mama alichukua juzuu ya kumi na tano, kwa sababu ndiyo baba aliyokuwa akiichukua katika kila hitma ya ukoo. Lakini macho yake hayaoni tena maandishi ya msahafu. Nikamtafutia kazini tovuti yenye herufi kubwa, nikaipitia ukurasa kwa ukurasa kwenye kompyuta, nikaona safi. Nikamtumia kwenye simu yake, aguse tu ifunguke.

Jumatano mchana nilirudi nyumbani kula. Nikamkuta mama uani, ameinama kwenye ndoo, anatawadha. Adhuhuri alikuwa ameshaisali.

"Shikamoo mama. Umefika wapi?"

"Marahaba. Ukurasa wa tatu."

Wa tatu, tangu Jumamosi! Juzuu ina kurasa ishirini, na mama zamani alikuwa akiimaliza kabla ya chai ya asubuhi. Nikayaona magoti yake yamevimba.

"Kwani unatawadha mara ngapi?"

"Kila wakitokea."

"Akina nani?"

Alinipa simu, akageuzia uso ukutani.

Nikagusa ukurasa ufuatao. Katikati ya aya likachomoza tangazo la kamari, na mwanamke aliyevaa nyuzi mbili anajitingisha. Chini yake likaja la dawa ya nguvu za kiume, na picha ambayo sitaieleza. Alama ya kulifunga ilikuwa ndogo kama chawa, na ukiigusa unapelekwa hukohuko. Kinyaa kilinipanda. Maneno ya Mungu, na hawa wenye macho makavu wamekaa katikati yake, na mwenye tovuti amewapokea! Kila walipotokea, mama aliifunga simu, akajikokota mpaka uani, akatawadha upya, kisha akaanza ukurasa toka mwanzo. Anajua vizuri kuwa udhu wake haukutenguka. Alisema tu moyo wake haukubali kurudi kwenye Kitabu bila maji.

Kumbe kivinjari cha simu yake hakipokei kizuizi cha kubandika. Na mimi niliyeishi miaka yote bila matangazo nilisahau kabisa kwamba wenzangu wanayaona. Nilimpeleka mama jaani kwa mkono wangu.

Kisha nikaharibu zaidi. Kwa hasira nilipakua programu ya kwanza iliyojiita kizuizi, yenye alama inayofanana na ile yangu ya kazini. Haikupita muda simu ikaanza kutoa matangazo hata kabla ya kufunguliwa. Walioitengeneza ni walewale wauza uchafu, wamevaa sare ya mlinzi. Niliifuta huku natukana, halafu nikaona haya kwamba nimetukana mbele ya mama.

Alhamisi asubuhi nikaipeleka simu kwa fundi, kichwa chini. Akaweka kivinjari chenye kizuizi ndani. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Tovuti ilifunguka safi, aya kwa aya. Lakini kwenye ukurasa wa mwanzo wa kivinjari chenyewe palikuwa na picha ya mlima, na juu ya mlima tangazo la sarafu za mtandaoni, limewekwa na mwenye kivinjari.

"Hilo linazimika," fundi akadakia.

"Najua linazimika. Nauliza limefuata nini humu."

Akalizima. Nilikuwa nimeshinda ubishi wa mwaka mzima, wala sikusikia raha yoyote. Kizuizi changu nilichokichagua kilimsafishia nani? Mimi peke yangu. Chake, pamoja na uroho wa mwenye kivinjari, ndicho kilichomfaa mama.

Siku hiyo mama alisoma kutwa, hakuinuka ila kwa sala na chakula. Ijumaa aliumaliza ukurasa wa mwisho alasiri ikiadhiniwa, watu wa kwanza wanavua viatu mlangoni. Nikapiga magoti kando ya mkeka wake.

"Mama, nisamehe. Mimi kwenye kompyuta yangu sikuyaona yale."

Alinitazama. "Hukuyaona?"

"Wallahi sikuyaona."

Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono. Wake ulikuwa bado na maji ya udhu wa alasiri.

"Alhamdulillahi. Mimi nilidhani ndiyo unayoyatazama huko kazini kila siku, mpaka umeyazoea, huoni vibaya kuniletea na mimi. Nikaona haya kukuuliza. Kila nikitawadha, mwanangu, nilikuwa nakuombea wewe kwanza, ndipo namwombea baba yako."